Bati Katika Njia ya Moshi

Katika gereji nyingi za miji yetu, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam mpaka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, hukatwa kipande cha bati kisichozidi kiganja cha mtoto, kikatobolewa matundu ya boliti, kikapachikwa katika bomba litokalo kwenye ekzosi ya injini ya dizeli na kurudi kwenye njia ya hewa, kisha boliti zikakazwa, boneti likafungwa, na mwenye gari akaarifiwa kwamba maradhi yaliyomsumbua kwa muda mrefu yamepata dawa. Naye aghalabu huondoka na furaha, kwa sababu gari ambalo jana lilikuwa likitema wingu jeusi kila lilipopanda mlima, likitetemeka na kuzimika kwenye foleni, leo linavuta vizuri, na fedha alizotoa ni kidogo mno kuliko bei ya kifaa kipya. Kazi hiyo huitwa kuziba EGR, na imekuwa dasturi hata wapo wanunuzi wa magari makuukuu wanaoiomba kabla gari halijaonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Nami naona kuwa ni dasturi mbaya, na kwamba kilichozibwa kimehukumiwa pasipo insafu, kwa kosa ambalo mara nyingi hakikulitenda.

Kifaa chenyewe, hiyo EGR, ni vali ya kurudisha moshi. Kazi yake, kwa mtu anayeisikia mara ya kwanza, yaweza kuonekana kinyume cha akili: huchukua sehemu ya moshi uliokwisha kuungua, ambao ungestahili kutoka nje, ikaurudisha katika silinda uchanganyike na hewa safi inayoingia. Lakini hikima yake ni kubwa. Hewa tuivutayo ina naitrojeni kwa kadiri ya sehemu 78 katika mia na oksijeni sehemu 21, na gesi hizi mbili hukaa pamoja bila kudhuriana maadamu hakuna joto kali. Injini ya dizeli, ambayo haina plagi ya kuwasha moto bali huibana hewa mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta, huzaa ndani ya silinda moto unaoweza kuzidi digrii 2,000 za Selsiasi, na joto likishapita kama digrii 1,500 naitrojeni na oksijeni huungana kwa haraka zikafanya oksidi za naitrojeni, kwa njia ambayo mwanafizikia wa Kisovieti Yakov Zeldovich aliieleza tangu miaka ya 1940. Moshi uliorudishwa umekwisha kupoteza sehemu ya oksijeni yake, tena umebeba dioksidi ya kaboni na mvuke wa maji, vitu viwili vinavyonyonya joto jingi na wala haviungui tena. Basi uingiapo silinda huutuliza moto, na oksidi zile hupungua kwa kiasi kikubwa. Injini ya petroli ina msaidizi mwingine, maana katalisti iliyomo ndani ya ekzosi yake huweza kuzivunja oksidi hizo. Ama moshi wa dizeli daima hubakiwa na oksijeni nyingi, na penye oksijeni nyingi katalisti ya aina ile haiwezi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo katika magari ya dizeli yaliyoundwa kabla ya kuja mitambo ya kunyunyizia urea, vali hii ilikuwa ndiyo kinga kuu dhidi ya gesi hizo, na katika mengi ndiyo kinga pekee.

Haja ya kinga hiyo ilitambuliwa kwa mateso ya watu. Mnamo Julai 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu uliowasha macho na koo kiasi kwamba walikuwapo wakazi waliodhani adui wa vitani amewashambulia kwa gesi ya sumu. Viwanda vilishutumiwa, kimojawapo kikafungwa, na ukungu ukarudi vile vile, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambapo Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akifundisha Pasadena, na ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya nanasi, aliikamata hewa ya mji ule kwa maarifa yale yale ya kukamata harufu ya tunda, akabainisha kwamba mvuke wa mafuta na oksidi za naitrojeni, vikipigwa na jua, huzaa ozoni na gesi nyingine za kuwasha. Magari, yaliyokuwa fahari ya mji, yakaonekana kuwa ndiyo chanzo. Marekani ilitunga sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, na vali za kurudisha moshi zikaenea katika magari ya mwaka 1973. Na alizingatie msomaji lile neno jua, kwani sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatulikosi mwaka mzima, na gesi ile itokayo kwenye ekzosi ya basi saa mbili za asubuhi huwa na mchana mrefu wa kuchemka juu ya vichwa vyetu.

Ulaya ilifuata kwa ngazi zake: gari dogo la dizeli liliruhusiwa kutoa gramu 0.50 za oksidi za naitrojeni kwa kila kilomita kwa kanuni za mwaka 2000, zikapunguzwa zikawa 0.25 mwaka 2005, na 0.08 mwaka 2014. Lakini mintarafu ya magari yetu ni Japani inayotuhusu zaidi. Nchi hiyo ilitunga sheria ya mwaka 1992 ya kupunguza oksidi hizo katika maeneo ya Tokyo na Osaka, ikaizidisha nguvu mwaka 2001 kwa kuongeza masizi na eneo la Nagoya. Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwahi mwaka 1999 kuitikisa mbele ya waandishi wa habari chupa yenye masizi ya dizeli ili watu waone kwa macho wanachokivuta, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza masharti yakapigwa marufuku Tokyo na mikoa inayoizunguka. Gari la dizeli lililokuwa zima kabisa, lililotunzwa kwa nidhamu ya Wajapani, likajikuta halina ruhusa ya kuendelea kusajiliwa mjini kwake. Mengi yalivuka bahari. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam ziliyapokea, Kenya ikiwa na sharti lake la kutopokea gari lililozidi miaka 8 na Tanzania ikiyatoza ushuru zaidi yale yaliyozeeka, na leo Prado, Hilux, Hiace, Pajero na Caravan za enzi ile ndizo zinazobeba abiria, wagonjwa, walimu, saruji na ndizi kutoka pwani mpaka Bujumbura na Goma. Kila moja liliondoka kiwandani kwa namna fulani ya kuutuliza moshi wake, na yaliyo mengi yana vali hii.

Wanaoishutumu vali hawakosi hoja, na hoja yao yafaa isikilizwe kwanza. Moto wa dizeli ukitulizwa na oksijeni ikapunguzwa, oksidi za naitrojeni hupungua lakini masizi huongezeka, na waundaji wa injini wamelijua hilo tangu zamani. Ni mizani ambayo upande mmoja ukishuka wa pili hupanda. Masizi hayo ndiyo yarudishwayo pamoja na moshi. Peke yake, masizi makavu yangepita mengi yake bila ya kuleta taabu. Lakini katika njia ya hewa hukutana na mvuke wa oili utokao chini ya pistoni, ambao nao injini huuvuta na kuuchoma, na kama vile unga na maji ya moto, ambavyo kila kimoja peke yake humwagika, vikikutana jikoni huwa ugali unaogandamana na sufuria, ndivyo masizi na oili yafanyavyo uji mweusi mzito unaonata kwenye shina la vali, ukakauka, ukaongezwa tabaka juu ya tabaka, mpaka manifoldi ya kuingizia hewa, iliyokuwa na nafasi ya kupita vidole vitatu, ikabakiwa na tundu la kidole kimoja. Yeyote aliyewahi kuifungua manifoldi ya Prado lililotembea kilomita laki mbili na nusu mjini hahitaji kuelezwa zaidi.

Na neno mjini nimelitia kwa kusudi. Vali hii hufunguka zaidi wakati injini inaunguruma bila gari kwenda, au gari likienda polepole bila mzigo. Dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, kompyuta huifunga kabisa, ili hewa yote iwe ya kuchoma mafuta. Gari linalopanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa likiwa limesheheni mizigo huwa limeifunga vali yake, na ekzosi yake ina joto la kukausha na kuunguza kinachotaka kuganda. Ilhali gari la kumpeleka mtoto shule, likakaa saa nzima katika foleni ya Ubungo au ya Barabara ya Mombasa, likarudi nyumbani kabla injini haijapata joto lake kamili, huwa muda wote huo linauzungusha moshi baridi wenye masizi. Ongeza juu ya hayo kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na moshi wa dizeli huwa mweusi kwa urahisi. Injini ile ile, ya mwaka ule ule, yaweza kuishi Singida miaka kumi bila ya malalamiko na ikachafuka Nairobi kwa miaka mitatu.

Hata hivyo foleni peke yake haimalizi kuyaeleza masizi yote tunayoyaona, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ni kweli kwamba kule kuutuliza moto huongeza masizi kiasi, lakini vali ya kurudisha moshi si chanzo cha wingi wake. Mengi huyapitisha tu, yakiwa yamezalishwa kwingine. Injini yenye nozeli zinazonyunyiza mafuta vizuri, chujio safi la hewa, turbo isiyovuja oili na pistoni zisizopitisha moshi chini, hutoa masizi machache, na vali yake hukaa miaka mingi ikihitaji kusafishwa tu mara kwa mara. Lakini nozeli zikichakaa, zikadondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu, masizi huongezeka kwa wingi. Chujio likizibwa na vumbi la barabara, hewa hupungua na masizi huongezeka. Turbo ikivujisha oili, ule uji hupata maji yake. Katika injini mashuhuri ya Toyota ya lita 3 iitwayo 1KD inajulikana sana kwamba shaba zinazokaa chini ya nozeli zikichoka huachia moshi wa silinda ukapenya juu ya kichwa cha injini, ukaichafua oili mpaka ikaziba kichujio cha pampu ya oili, na injini ikafa kwa kiu. Moshi huo huo, kabla ya kufikia balaa hilo, huongeza mvuke mchafu katika njia ya hewa. Mwenye gari huona vali imejaa masizi, akaamini ugonjwa uko pale alipouona. Fundi akiweka bati dalili hukoma, na nozeli zile mbovu huendelea kuila injini kimya kimya minghairi ya kelele ya kumwonya mtu.

Mafuta yenyewe nayo yana sehemu yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia, tangu Januari 2015, dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na hiyo ilikuwa neema kubwa, kwa sababu salfa ikiungua na kukutana na mvuke wa maji hufanya asidi inayokula vyuma vya njia ya moshi. Lakini dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haijali mapatano ya mawaziri. Mafuta ya taa huipunguzia dizeli ule utelezi unaozilinda pampu na nozeli, zikachakaa kabla ya wakati, tukarudi pale pale kwenye masizi. Tanzania ilianza kuyatia mafuta alama mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza tozo juu ya mafuta ya taa ili faida ya udanganyifu huo iondoke. Anayenunua dizeli ya madumu kando ya barabara kwa kuokoa shilingi chache asishangae vali yake ikiziba.

Basi mtu atajuaje kwamba vali imekwama, na imekwama vipi? Ikikwama ikiwa wazi, moshi huingia hata wakati usiotakiwa: gari hukosa nguvu, hutoa moshi mweusi likikanyagwa, hutetemeka likisimama, na wakati mwingine huzimika. Ikikwama ikiwa imefungwa, dereva aweza asihisi chochote zaidi ya mlio wa injini kuwa mkali kidogo na taa ya injini kuwaka, ilhali oksidi zimeongezeka. Katika magari yenye kompyuta, mashine ya kupimia itasoma P0401 ikiwa moshi unaorudi ni mchache kuliko utakiwao, au P0402 ikiwa ni mwingi kupita kiasi. Na fundi mwadilifu atakumbuka kwamba alama hizo huonyesha mahali pa kutafuta, wala hazimwamrishi mtu kununua vali. Magari ya zamani zaidi huifungua vali kwa mvuto wa hewa unaopita katika mipira myembamba, ukitoka kwenye pampu ambayo katika injini nyingi za Toyota imefungwa nyuma ya altaneta. Mpira mmoja ukipasuka kwa uzee na joto, vali haifanyi kazi ijapokuwa ni nzima, na mpira huo ni kitu cha bei ndogo mno. Pampu hiyo hiyo ndiyo inayoisaidia breki, kwa hiyo mvuto unaovuja si jambo la kupuuzwa. Kipimo chake ni chepesi: vuta hewa kwa pampu ndogo ya mkono kwenye mpira wa vali huku injini ikiunguruma, injini ikibadilika na kutetemeka, vali imefunguka na njia ni wazi, isipobadilika, ama vali imekwama ama njia imeziba.

Kusafisha ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye subira, na subira ndiyo inayokosekana zaidi kuliko vifaa. Vali hutolewa, sehemu yake ya chuma hulowekwa katika dawa ya kusafishia kabureta, au ikikosekana katika mafuta ya taa, kisha husuguliwa kwa brashi laini mpaka kiti chake kionekane. Bisibisi haina kazi hapo, maana mkwaruzo mmoja kwenye kiti utaifanya vali ivuje daima. Vali ya umeme isilowekwe upande wa mota, wala isisukumwe kwa nguvu, kwa kuwa meno yake ya ndani ni ya plastiki katika aina nyingi. Manifoldi, ikiwa imejaa, ni lazima ifunguliwe na kuletwa mezani. Anayeikwangua ikiwa bado imefungwa kwenye injini hudondosha magamba magumu ndani ya silinda. Nawahadharisha pia wale wanaopulizia dawa za kopo zinazowaka katika njia ya hewa huku injini ikinguruma, kwa sababu injini ya dizeli huunguza chochote kiunguacho kinachoingia kwa njia hiyo, na yaweza kupanda mbio isitii hata ufunguo. Gasketi iwe mpya. Na ikiwa gari ni la aina inayotaka kompyuta yake ifundishwe upya mahali vali inapoanzia na inapoishia, hilo nalo lifanywe, au sivyo taa itawaka kesho na vali italaumiwa tena.

Kuna jambo la kipozeo, ambalo naligusia kwa ufupi. Magari mengi ya miaka ya 2000 huupitisha moshi unaorudi katika kipozeo kinachozungukwa na maji ya rejeta. Kipozeo kikitoboka, maji hupungua bila tone kuonekana chini ya gari, moshi mweupe hutoka asubuhi, na maji yakijaa silinda injini yaweza kuvunjika fimbo zake. Mwaka 2018 kampuni ya BMW ililazimika kuyaita magari yake mengi ya dizeli nchini Korea Kusini baada ya kadhaa kuwaka moto, na lawama ikaangukia vipozeo vilivyovuja. Anayeongeza maji kila wiki bila kujua yanakokwenda na akitazame kipozeo hicho kabla ya kukiri kwamba gasketi ya kichwa imeungua.

Sasa nalirudia bati. Watetezi wake husema huongeza nguvu na huiacha njia ya hewa ikiwa safi. La pili ni kweli kwa kadiri, kwa kuwa moshi usiorudi hauachi masizi. La kwanza ni kweli kwa gari ambalo vali yake ilikuwa imekwama wazi, na gari hilo lingepata nguvu ile ile kwa vali kusafishwa. Wanachokisahau, au wasichoelezwa, ni kwamba kompyuta ilipangiwa wakati wa kunyunyiza mafuta kwa kutegemea moto uliotulizwa, na kwamba magari mengi hujibu bati kwa kuwasha taa na kujipunguzia nguvu, hata ikabidi aitwe mtaalamu wa kompyuta afute kumbukumbu na kuizima taa. Na taa ikishazimwa kwa hila, dereva hupoteza mwonyaji wake kwa makosa mengine yote yatakayokuja.

Lakini madhara makubwa hayako ndani ya gari, na ubaya wake ni kuwa hayaonekani. Kipimo cha moshi wa dizeli kilicho cha kawaida vituoni hupima weusi wake, yaani masizi. Oksidi za naitrojeni zitokazo kwenye ekzosi, kwa sehemu kubwa, hazina rangi. Gari lililozibwa vali laweza kutoa moshi hafifu wa kupendeza macho, likapita kipimo kwa sifa, ilhali linatoa gesi ya sumu nyingi kuliko lilivyokuwa likitoa lilipokuwa likifuka moshi mweusi. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilipofichua kwamba kampuni ya Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli programu ya kuitambua siku ya kipimo, ikaikaza kinga ya moshi siku hiyo na kuilegeza barabarani, dunia nzima iliona haya kwa ajili ya magari yapatayo milioni 11, na kampuni ikatozwa faini na fidia za mabilioni ya dola. Matokeo ya kile walichokifanya wahandisi wale kwa programu ndiyo matokeo ya bati letu, isipokuwa sisi hatumdanganyi mkaguzi, kwa kuwa hakuna anayeuliza.

Dioksidi ya naitrojeni, mojawapo ya oksidi hizo, huwasha njia za hewa, huzidisha pumu, na huwadhuru zaidi watoto ambao mapafu yao yangali yanakua. Shirika la Afya Duniani lilishusha mwaka 2021 kiwango lilichokishauri kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo mpaka 10, baada ya ushahidi kuonyesha kuwa hata kiasi kidogo kina madhara. Wanaoivuta kwa wingi kuliko wote ni askari wa usalama barabarani, dereva wa bodaboda, mama lishe aliyepanga masufuria yake kando ya kituo, na mwanafunzi anayesubiri daladala. Nao aghalabu hawamiliki gari lolote, wala hawakupunguziwa chochote katika bei ya bati. Kadhalika yupo kijana mwanagenzi wa gereji, anayeshika manifoldi kwa mikono mitupu na kuipuliza kwa kompresa bila ya kufunika pua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lenye makao yake Lyon liliutia moshi wa dizeli, mnamo Juni 2012, katika daraja la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Glavu na barakoa si anasa kwa kijana huyo, na mwenye gereji ana dhima ya kumpatia.

Sidai kwamba kila mwenye gari kuukuu anunue vali mpya kwa bei ambayo pengine inakaribia mshahara wake wa mwezi. Nasema kwamba kwa fedha ndogo aweza kupimiwa nozeli, kubadilishiwa chujio na mipira ya mvuto, na kusafishiwa vali iliyopo. Na kwamba safari ya barabara kuu mara moja moja, injini ikiwa na joto lake kamili na mzigo wa kutosha, huliletea gari la mjini siha kuliko dawa nyingi za chupa. Vyuo vya ufundi, VETA ikiwa mbele kwa upande wa Tanzania, vingefanya hisani kubwa kuufundisha mtambo huu wote kwa vijana wao, kuanzia nozeli mpaka ekzosi, badala ya kuwaachia wajifunze kuziba kwa wakubwa wao. Kenya ilitunga kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014, na Tanzania ilitunga zake mwaka 2007; nawaomba wakaguzi wa magari wa nchi zote mbili wasitosheke na weusi wa moshi, bali wafunue boneti watazame, kwa sababu bati hugunduliwa kwa macho na tochi, bila mashine ya bei yoyote. Nawe unayetaka kununua gari la dizeli lililotumika, kabla hujatoa fedha, mwambie fundi wako alegeze bomba la hewa na aingize kidole ndani ya manifoldi, kisha azipime nozeli. Na ukikuta vali imezibwa, mtake muuzaji aizibue na alitie gari katika hali yake ya asili, au apunguze bei kwa gharama ya kazi hiyo, nawe ukaifanye.